Kwa Nini Kimea Hufa Kikichemshwa

Mmeniuliza kwa nini uji lazima upoe kidogo ndipo mtoto mgonjwa atiliwe kimea, ile nafaka iliyooteshwa ikasagwa, na kwa nini ukirundika unga kimea hakikimbii zaidi. Nitawaeleza kama bibi yangu alivyonieleza akitazama chini.

Zamani hizo kimea kilikuwa kimoja na kilijua kazi zote. Chembe zake zikitiwa katika uji mzito, uji ulilegea papo hapo ukanyweka. Zikitiwa katika maziwa, yaliganda. Zikipakwa kwenye nyama ya ng'ombe mzee, nyama ililainika. Moto haukuzidhuru. Nguvu hizo wasomi wa leo huziita vimeng'enya. Wazee waliziita mikono, kwa sababu zilishika, zikakata, zikaachia, zikashika tena, zenyewe zisipungue.

Mwenye kukitunza kimea hicho alikuwa Nyemo, mjane wa Ugogo. Mwaka mmoja mvua haikunyesha, na ugonjwa wa koo ukawashika watoto. Uji mzito hawakuweza kuumeza, na uji wa maji matupu haukuwatia nguvu. Mbula, binti pekee wa Nyemo, alikuwa miongoni mwao. Kimea kilichobaki kilijaa kiganja tu.

Nyemo alikitia katika chungu cha kijiji kizima. Kila nyumba ikaleta unga wake, na chungu kikazidi kujaa. Kwa mara ya kwanza kimea kilikwenda polepole. Mwaluko, shemeji yake, ambaye wajukuu zake wawili walikuwa wamelazwa na ugonjwa huo, alimwuliza kuna nini.

"Mikono yote imeshika," Nyemo akamjibu. "Unga unaoongezwa unangoja zamu tu."

Mwaluko akaongeza kuni. Joto lilipopanda kidogo kimea kilichangamka, uji ukaanza kulegea, na watu wakapata matumaini. Basi akaongeza nyingine, na nyingine tena, hata chungu kikachemka kwa nguvu. Moto ambao haukukidhuru kilipokuwa kimepumzika sasa ulikikuta kimechoka. Ile mikono ilijikunja, ikawa haiwezi kushika kitu. Waliepua chungu, wakakipoza, wakangoja. Uji ulibaki mzito kama ulimbo.

Nyemo alimlisha Mbula kwa ncha ya kidole. Mtoto alijaribu mara mbili, kisha akafumba mdomo. Alikufa jua likiwa bado juu. Wajukuu wa Mwaluko walimfuata siku ya pili.

Baada ya maziko Mwaluko alikuja akaketi mlangoni kwa Nyemo, hakuthubutu kuingia.

"Nilitaka wapone upesi, shemeji," akasema.

"Hata mimi nilitaka," Nyemo akasema. "Nilikuona unaongeza kuni, nikanyamaza."

Hawakuzungumza tena mpaka walipokufa. Siku hiyo, Mwaluko alipoondoka, Nyemo alitoka nje akakung'uta kiganja chake, na vumbi la kimea lililokuwa limenata likapeperuka. Lililoangukia mtama uliolowa lilikumbuka kulegeza uji tu. Lililolambwa na ndama likakaa tumboni mwake, likabaki na kazi ya kugandisha maziwa. Lililonata kwenye utomvu wa mkuyu likabaki na kulainisha nyama. Hakuna hata moja lililoweza tena kazi ya mwenzake.

Na toka Nyemo alipokung'uta kiganja mambo yako hivyo. Kila kimeng'enya kina kazi yake moja. Joto la kiasi hukiharakisha. Kikichemka hufa, na ukikipoza hakifufuki. Unga ukiwa kidogo, ukiuongeza mwendo huzidi, hadi mikono yote ishike. Hapo kimefika mwisho wake, wala kilio cha mtu hakikisogezi.

Kwa hiyo pozeni uji, tieni kimea, mngoje. Mtoto atalia nanyi mtangoja. Wako ambao hawatafika mwisho wa kungoja, hata mkifanya yote sawasawa. Kwa hao sina la kuwafundisha, na bibi yangu hakuwa nalo.