Mlango Usio na Nyumba

Inasimuliwa, nami nimeyapokea haya kwa mama mkwe wangu, naye kwa walioyaona kwa macho, kwamba zamani za vita vya machifu palikuwa na kijiji cha waumini huko milimani. Watu wa ng'ambo ya bonde waliwavamia, wakachoma maghala, wakachoma na kanisa lao la miti na udongo. Waliosalia wakawa wanaulizana kila jioni: tuhame, au tungoje? Na tungoje nini?

Miongoni mwao alikuwepo seremala mcha Mungu, jina lake Zefania. Huyo hakusema tuhame, hakusema tukae. Alitafuta mbao za mvule akaanza kuchonga mlango wa kanisa. Kwa mafundi wa kule ndiyo desturi: mlango husimamishwa kwanza, kuta zikaufuata. Lakini kuta zenyewe ajenge nani, na watu wameshafunga mizigo? Akachimbia miimo, zile nguzo mbili za mlango, palepale penye majivu, akautia mlango kwenye bawaba zake. Ukasimama peke yake, huku upepo, na huku upepo.

Jamani, watu walishangaa! Wanawake wakitoka mtoni na mitungi yao hupita mlemle kwa makusudi. "Hodi wenyewe!"

Na Damari, mke wa seremala, huwajibu kutoka jikoni, "Karibuni, ila msiegemee ukuta!"

Asubuhi moja akaja jirani yao Shemndolwa, mtu wa mizaha. Akaufungua mlango, akachungulia, akaufunga.

"Umeona nini, ndugu yangu?" akauliza Zefania.

"Nimeona mbuzi wangu anamaliza maharage yako."

"Basi mlango wangu hausemi uongo."

"Fundi, niambie kweli. Unamngoja nani?"

Zefania akaweka chini randa. "Kila siku twasema, Ufalme wako uje. Mimi naogopa utakuja kweli, ukose hata pa kupigia hodi."

"Na utatokea upande gani? Mlimani, au bondeni?"

"Hilo sikuambiwa."

Basi neno hilo likamwingia Shemndolwa. Akawa kila siku anakuja kukaa pale, anafungua, anachungulia, anafunga. Miezi saba ikapita hivyo, na watu bado hawajahama, maana kila mtu alitaka kujua mwisho wa mlango ule.

Siku moja Shemndolwa alipanda jabali kuangalia kama maadui wanakuja, akateleza, akavunjika nyonga. Wakamtia kwenye machela ya nguo, ikabonyea katikati, akapiga ukelele hata wakamlaza tena chini. Mwunga mifupa alikuwa mmoja tu, bikizee wa ng'ambo ya bonde, kwa walewale waliochoma kanisa. Ilibidi apelekwe, na ilibidi alale juu ya ubao mpana, ulionyooka. Macho yote yakageukia mlango.

Zefania akasimama mbele yake, mikono kaitandaza. "Huu ni wakfu. Hauguswi mpaka Bwana apite."

Damari akaja, majivu ya jikoni mikononi, akamwambia mumewe, "Baba Yusta, tumemngoja Bwana hapa miezi saba apite wima. Leo ataka kupita amelala, nawe unamzibia?"

Husemwa kwamba yule mja wa Mungu alisema Baba Yetu, akakomea penye Ufalme wako uje. Kisha akatwaa nyundo, akazigonga bawaba mwenyewe hata zikang'oka.

Wanaume sita wakaubeba, Zefania mmoja wao, bila mkuki hata mmoja, kwa kuwa hapakusalia mkono wa kushika mkuki. Na Shemndolwa huko juu, jasho likimtoka, "Polepole, enyi waumini! Leo kanisa ni mimi."

Walipofika langoni kwa maadui, mlinzi mzee akavuta upinde. "Mmebeba nini?"

"Mgonjwa."

"Na hicho alicholalia?"

Mbebaji mmoja akanong'ona, "Sema kitanda. Watatuua."

Zefania akasema, "Ni mlango."

"Wa nyumba gani?"

"Ya kanisa mlilolichoma."

Upinde ukazidi kuvutika.

"Lile liliungua lote," akasema mlinzi. "Nyumba yenyewe iko wapi?"

"Inakuja."

Mlinzi akausogelea mlango, akapitisha kidole kwenye nakshi. "Inakuja," akarudia taratibu, kama anayeonja chumvi. Kisha akashusha upinde. "Ingieni. Mwunga mifupa ni dada yangu."

Sitawadanganya, wajukuu wangu: vita havikuisha siku hiyo. Mwaka mzima mwingine walikula majani. Lakini mizigo ilifunguliwa. Baada ya masika Shemndolwa akarudi kwa miguu yake, fimbo mkononi, na mlango nyuma yake umebebwa na watu wa ng'ambo. Aliyetangulia ni yule mlinzi mzee.

"Sikuja kusali," akasema. "Nimekuja kuona nyumba hiyo inakujaje."

Damari akampa ndoo ya udongo.

Nasi dhiki zikituzidi, tuchonge na kuomba, na siku mgonjwa akihitaji mlango, tuung'oe. Mama mkwe nilimwuliza: je, Ufalme ulifika siku ile? Akasema, "Mwanangu, hilo Mungu mwenyewe ndiye ajuaye. Ila vumbi lake lilionekana bondeni, upande waliokuwa wakiuogopa."