Geuza Simu Tumwone Mama

"Geuza simu tumwone mama." Leo arusini mmemsikia shangazi yenu akisema hivyo, watu walipokuwa wakiisifu pilau, nanyi mkacheka. Simu gani, mama gani, na pilau iko sahanini? Haya, sogeeni niwaambie. Msemo huu ulizaliwa hapa hapa Muheza, nyumbani kwa Bi Kibibi.

Mkaza mwanawe, Hidaya, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Mtoto mnene, nyumba imejaa vigelegele, lakini Hidaya hakuwa na furaha hata chembe. Alilia bila kupigwa. Usingizi ulimpaa hata mtoto akiwa amelala fofofo. Na kila alipoliona beseni la kumwogeshea mwanawe, wazo lilimjia: mwache tu ateleze. Ee Mola! Alimpenda mtoto wake, na wazo lile lilimtisha mno. Amwambie nani? Wataniita mwehu, alijisemea, watanipokonya mwanangu. Akawa anasingizia mkono unamuuma, ili Bi Kibibi amwogeshe yeye.

Muuguzi wa kliniki hakupendezwa na macho yake. Akamwunganisha na Atupele, mshauri aliyekuwa Mbeya, ambaye kwa simu ya video huzungumza na kina mama waliojifungua. Bi Kibibi naye akaelewa kivyake. Daktari akipiga simu nyumba yenye kichanga, anamtaka nani kama si kichanga? Basi simu ikilia, mtoto ameshapakwa wanja na kuvishwa kofia.

"Mwone mume wangu huyu, mashallah!"

"Mashallah. Na mama hajambo?"

"Hajambo, uji anakunywa."

Na Hidaya ndiye aliyeishika simu, yuko nyuma yake. Alishukuru kwamba haonekani, na papo hapo alitamani mtu amwone.

Siku moja asubuhi ikaja habari ya msiba Korogwe. Bi Kibibi akajifunga kanga za msibani. "Narudi kesho. Maji ya mtoto yako tayari, leo utamwogesha mwenyewe."

Hidaya akageuka kulitazama beseni. Beseni lile, na yeye peke yake! Mara simu ikalia. Bi Kibibi, pamoja na haraka yake yote, akambeba mjukuu akamweka mbele ya kioo.

Safari hii Atupele hakusifu. "Mama yangu, mtoto nimeshamwona. Naomba mgeuze simu nimwone mama."

"Mama ana nini cha kutazamwa?"

"Mgonjwa wangu ndiye yeye."

Hidaya akaigeuza simu, polepole.

"Hidaya, kuna nini?"

"Naliogopa beseni," akasema, na yote yakamtoka, hata lile wazo, huku akilia kwa kwikwi.

Atupele akamsikiliza mpaka mwisho. "Wewe si mwehu. Huu ni ugonjwa, huwapata wazazi wengi, na unatibika. Hakuna anayekuja kumchukua mtoto. Ila leo usibaki peke yako."

Bi Kibibi alikuwa amesimama, mjukuu kifuani. Alimtazama mkwewe usoni, nadhani kwa mara ya kwanza tangu mtoto azaliwe. Macho yamezama, midomo imekauka. Na siku zote hizo wamelala nyumba moja! Akaanza kuzivua kanga za msibani.

"Mama, na msiba?" Hidaya akauliza.

"Maiti ana wazikaji wengi, mwanangu. Wewe una mimi."

Mnajua ilivyo aibu kwetu kukosa maziko. Alikosa. Wakamwogesha mtoto pamoja, mmoja kashika kichwa, mwingine miguu. Simu za Atupele ziliendelea miezi mingi, mpaka Hidaya akapata usingizi, akamwogesha mwanawe peke yake huku akimwimbia. Na mgeni yeyote aliyekimbilia kumfunua mtoto, Bi Kibibi alimshika mkono: "Mtoto hakimbii. Geuza simu tumwone mama."

Sasa, ile pilau mliyoisifu, wapishi wako nyuma ya nyumba tangu alfajiri, na hakuna aliyewapelekea hata maji. Mnacheka tena? Inukeni. Geuzeni simu tumwone mama.