Skafu ya Sekela

Luka Mbwilo, mchuuzi wa sindano na vifungo, alikuwa amezunguka kuanzia Lubumbashi hadi Mzuzu, na kila alipofika alijisifu kwamba hakuna desturi ya watu asiyoijua. Asubuhi moja ya Julai, majani yakiwa bado meupe kwa umande ulioganda, alipanda kilima cha Lihanje akaona turubai, masufuria jikoni na watu wamejaa uani. Akavuta kitambi ndani, akapaza sauti:

“Bwana harusi yuko wapi, jamani? Nina vifungo vya suti vya kufa mtu!”

Watu wote wakageuka. Hapo ndipo alipoliona jeneza.

Mbwilo alikuwa na miaka hamsini na miwili na alikwisha kuaibika katika nchi nne, lakini si kwa kiasi hicho. Bibi mmoja aliyejifunika blanketi akamwambia, “Hakuna harusi, baba. Keti.” Akaketi upesi juu ya begi lake mwenyewe, lililojaa sindano, na hakuthubutu hata kuguna.

Sasa nisikilizeni, wakubwa kwa wadogo, maana aliyoyasikia akiwa amekalia begi hilo yamemshinda mpaka leo.

Aliyelala jenezani aliitwa Sekela, binti wa miaka kumi na tisa, yatima, mgonjwa wa kifua. Baridi ilipoanza alikuwa anatetemeka chini ya mablanketi matatu. Wanawake watatu waliompenda wakaapa kumfumia skafu ambayo upepo hautaipenya. Mmoja alikuwa na kipaji cha kusokota uzi, wa pili cha kufuma, na wa tatu alikuwa na macho tu.

Shangazi yake Zelida, ndiye yule bibi wa blanketi, alikuwa na kondoo wawili, mali yake yote. Kondoo hawanyolewi wakati wa baridi, kila mtu Lihanje anajua hilo. Zelida akawanyoa. Sufu moja akaiacha nyeupe, nyingine akaichemsha na magome ya miti mpaka ikawa kahawia. Akasokota siku kumi. Siku ya kumi na moja aliwakuta kondoo wake zizini wamekufa kwa baridi, wamekauka kama mbao. Akaupeleka uzi.

Wifi yake Zelida, Yudita, ndiye pekee kijijini aliyejua kufuma pande mbili. Kazi hiyo si mchezo. Sindano zilezile hubeba vitambaa viwili kwa mpigo, na kila kitanzi kina pacha wake mgongoni, cha mbele kahawia, cha nyuma cheupe. Ua la mraba linapoanza, nyuzi hubadilishana upande, na hapo ndipo vitambaa hushikana. Ukiona mraba mweupe mbele, geuza, utauona wa kahawia nyuma. Yudita alifuma akiwa kitandani kwa mgonjwa, dirisha limefungwa, ili apime shingo ile iliyozidi kukonda. Wiki tatu alivuta pumzi moja na Sekela. Siku ya msiba naye alikuwa anakohoa kikohozi kilekile, na watu walijifanya hawasikii.

Rafiki yake Sekela, Tupokigwe, hakujua kufuma. Alikuwa akija kukaa ng'ambo ya kitanda, kwa hiyo aliuona mgongo wa kazi, ambao mfumaji hauoni. Siku moja akasema, “Dada, hapa nyuma pana tundu.” Kitanzi kimoja cheupe kilikuwa kimeponyoka siku nyingi, kimeshuka mistari arobaini, na skafu ingefumuka shingoni kwa mgonjwa. Yudita akaangua kilio, mikono ikamgoma. Tupokigwe akaifumua mwenyewe, akaokota vitanzi, pacha kwa pacha, akafuma upya huku Yudita akimwelekeza kwa mdomo. Siku tatu. Siku ya pili kati ya hizo ndiyo iliyokuwa ya usaili wake wa chuo cha ualimu.

Sekela aliivaa skafu siku tisa. Leo kahawia nje, kesho nyeupe nje. Kisha akafa.

Sasa skafu ilikuwa juu ya jeneza, bado ina harufu yake, na fundi amesimama na misumari mdomoni.

“Azikwe nayo,” alisema Yudita. “Niliifuma kwa shingo yake, si kwa shingo nyingine.”

“Uzike kondoo wangu?” Zelida akamgeukia. “Sina mtoto, sina zizi, Sekela naye anakwenda. Nibaki na nini, wifi? Mablanketi?”

“Nipeni mimi,” alisema Tupokigwe kwa sauti ndogo. “Nitaivaa. Angependa ionekane.”

“Angependa! Alikuambia?” Zelida akadakia.

“Hakuniambia.”

“Basi alisema nini?”

“Alisema asante. Kwetu sote.”

Zelida akamnyooshea Mbwilo kidole. “Huyu hamjui mtu hapa, wala hana akili ya kupendelea. Atuamulie.”

Mbwilo akasimama akijipapasa nyuma. “Mama zangu, si ina pande mbili? Ichaneni. Mmoja achukue upande mweupe, mmoja wa kahawia, na…”

Yudita hakumkaripia. Aliivuta skafu ili mchuuzi aone zile nyuzi zinapovuka kutoka uso hadi uso, katika kila mraba. Kukata upande mmoja ni kuua pande zote mbili. “Na sisi ni watatu, bwana,” akaongeza, akakohoa.

Mbwilo akaanza kuhesabu kwa vidole. Bila sufu hakuna skafu. Bila mfumaji, sufu ni vumbi tu. Bila macho ya yule binti, ingefumuka siku ya kwanza. Na kila mmoja alikuwa amelipa kwa kitu kisichorudi.

Je, wewe ungeamua vipi?

Mbwilo aliwauliza wafiwa vivyo hivyo, uso kwa uso, akitumaini mmoja atamwokoa. Fundi alitema misumari kiganjani, akaanza kuihesabu. Ndipo Zelida alipomtazama mchuuzi kuanzia kofia hadi viatu.

“Kama huwezi, toka hapo,” alisema. “Kaburi halijafika hata kiunoni. Kashike jembe.”