Mti kwa Mti, Alisema Fisi

Mwaka ule mvua ilipita kando kama mgeni aliyekosea nyumba. Huko Bondeni, kijito kilichokuwa kikiimba mchana kutwa kilibaki kidimbwi kimoja chini ya jabali, na maji yenyewe rangi ya chai. Mama Kanga alikuwa na vifaranga walioanguliwa juzijuzi tu, hata mbawa zao hazijakomaa. Angekuwa peke yake angeruka akahamia kwingine. Lakini kifaranga hahami. Kifaranga hunywa pale alipo, au hanywi kabisa.

Kijito kile kilianzia mlimani, kwenye chemchemi iliyozungukwa na mikuyu mikubwa, na huko mlimani aliishi Fisi. Fisi alikuwa amegundua kwamba nyama iliyokaushwa kwa moshi haiozi, na tangu agundue hivyo hakupata usingizi mpaka akaushe nyama ya dunia nzima. Alikata mikuyu, akawasha moto, akakausha. Ghala likijaa, alijenga jingine. Alikausha asichoweza kukila, akala asichoweza kukimaliza, kisha akalalamika njaa.

Simba aliyaona hayo yote, ila alinyamaza. Desturi ya nchi ilikuwa kwamba mwezi ukiandama, mwenye nyama humpelekea mfalme kidari, ile nyama ya kifua, na kidari hakiguswi na mwingine. Kidari cha Fisi kilikuwa kinono, chenye harufu ya moshi, na mfalme alikipenda sana. Kwa hiyo mikuyu ikaendelea kuanguka.

Vilio vya Bondeni vilipozidi, Simba aliitisha baraza. Lilifanyika mlimani kwa Fisi, maana ndiko kulikobaki kivuli na chakula cha wageni. Fisi akateuliwa mwenyekiti wa kamati ya ukame. Simba alieleza kwamba katika mambo ya miti hakuna mwenye uzoefu kumshinda.

Fisi alifungua baraza kwa kulia. Alilia vizuri, kwa kwikwi na kamasi, mafuta ya nyama bado yanang'aa kidevuni.

"Ndugu zangu," alisema, "janga hili ni letu sote. Hakuna wa mlimani wala wa bondeni. Jua linalotuchoma ni moja."

Mama Kanga alinyoosha shingo. "Jua ni moja, Bwana Fisi, lakini maji yako kwako. Acha kukata mikuyu, chemchemi itoe maji yake. Wanangu wanakufa na kiu."

Baraza likaguna. Fisi akamtazama kwa huruma, kama anayemtazama mtoto aliyeuliza mwezi unalala wapi.

"Niache kazi, mama? Nikiacha, mfalme wetu atakula nini?"

Simba akakohoa. Ilikuwa hoja nzito.

"Mimi nina njia bora," Fisi akaendelea. "Mti kwa mti! Kila mkuyu nitakaouangusha huku, nyinyi mtapanda mche mmoja huko Bondeni. Mmoja umetoka, mmoja umeingia. Nani amepungukiwa? Mti ni mti."

"Mche si mti," alisema Mama Kanga.

"Utakuwa mti. Au huna imani na kesho, mama? Na watoto wote hao ulionao?"

Wanyama wakapiga makofi. Wengine walipiga kwa kuchoka, wengine kwa sababu sinia za nyama zilikuwa zimeanza kuzunguka. Simba akanguruma kukubali, na ngurumo ya mfalme ndiyo sheria. Mama Kanga alirudi nyumbani bila kula, amevimba kwa hasira.

Basi Bondeni wakaanza kupanda. Kila mkuyu ulipoanguka mlimani, mche ulitiwa ardhini, na kila mche ulitaka maji, na maji yalikuwa yale yale ya kidimbwini. Mama Kanga aliyabeba kwa mdomo wake, akayamimina penye mzizi, huku vifaranga wamemzunguka wakiutazama mdomo huo. Alijifunza kutembea bila kuwaangalia. Miche mingi ilikauka kabla ya kuota hata jani la pili, lakini Fisi hakujali. Umepandwa, basi umekwisha kuwa mti.

Siku moja Fisi alishuka kukagua. Alimkuta Mama Kanga akimtilia kifaranga mmoja tone la maji kinywani.

"Mama!" alifoka. "Maji ya miche unawapa watoto? Hivi ndivyo mnavyoiharibu nchi, halafu mvua isiponyesha mnatulaumu sisi!"

Mama Kanga akarudi kwenye miche. Kesho yake kifaranga mdogo kuliko wote hakuamka na wenzake. Alilala ubavu, jicho nusu wazi, shingo haina nguvu. Mama Kanga akaacha miche yote. Akachota, akamnywesha, akachota tena, mpaka kichwa kikainuka. Kisha akakaa juu ya mche uliokauka, akalia kwa sauti bila haya.

Hapo ndipo Sungura alipopita. Sungura hakuwa amepanda hata mche mmoja, siku zote alisema mgongo unamuuma. Lakini kiu alikuwa nayo kama wengine.

"Nani kakuudhi, shangazi?"

"Fisi. Amekaa huko mlimani, na bado ananywa maji ya wanangu."

Sungura alikuna sikio. "Hesabu ile ya mti kwa mti ni nzuri sana. Kosa lake ni kwamba anaitumia kwa miti tu. Waache watoto kwa jirani yetu Kobe, twende. Ila huko tuendako usifungue mdomo."

Wakapanda mlima. Mama Kanga alijificha nyuma ya rundo la kuni, na kutoka hapo akayaona maji ya chemchemi, maji safi, yakimwagwa kuzima makaa. Ilibidi aume ulimi. Fisi alikuwa ameketi mbele ya kidari cha mfalme, maana mwezi ulikuwa unakaribia kuandama, akikitazama kama anayeaga maiti.

"Shikamoo, mjomba," alisema Sungura.

"Marahaba. Kama umekuja kuomba maji, hakuna."

"Nimekuja kukupongeza. Bondeni hatuna mazungumzo mengine ila akili yako. Ila kuna jambo moja limenitatiza. Hicho kidari kinakwenda wapi?"

"Kwa mfalme. Si unajua desturi?"

"Kizima hivyo?"

"Kizima," alisema Fisi, na sauti ikamkatika.

Sungura alishika kichwa. "Mjomba! Mtu mwerevu kama wewe! Kwani mti ni mti, lakini kidari si kidari? Wewe kula kilichokomaa, mfalme mpelekee kinachokua. Kimoja kimetoka, kimoja kimeingia. Sheria yenyewe aliipitisha yeye barazani, mbele ya watu wote. Ataikanaje?"

Fisi alikisogelea kidari. Akili yake ilimwambia jambo moja, tumbo likamwambia jingine, na katika maisha yake yote akili haikuwahi kushinda. Hata kabla Sungura hajageuka kuondoka, kidari kilikuwa kimeshafika nusu.

Mwezi ulipoandama, wanyama walikusanyika kwa mfalme kama kawaida. Mama Kanga alikuja na kifaranga wake dhaifu chini ya bawa. Kama Simba angecheka tu akamsamehe Fisi, basi mtoto huyu hangefika mwezi mwingine. Fisi aliingia kwa maringo, akaweka jani mbele ya mfalme, akalifunua. Ndani mlikuwa na yai dogo la kwale, aliloliokota njiani kwenye kiota kilichotelekezwa.

Simba aliinama kulitazama. "Hiki ni nini?"

"Kidari, ewe mfalme."

"Naona yai."

"Ni yai kwa leo. Lakini ndani yake mna kidari kinachokua. Kidari kwa kidari! Nani amepungukiwa?"

"Na leo mimi nile nini?"

Fisi alitabasamu kwa huruma. "Mfalme, huna imani na kesho?"

Akageuka kungoja makofi. Hayakuja, maana safari hii hakukuwa na sinia iliyokuwa ikizunguka. Simba akaligonga yai kwa ukucha. Lilikuwa viza, na uvundo wake ukawafanya hata waliokaa nyuma wazibe pua.

Mfalme ambaye kilio cha bonde zima hakikumwingia sikioni, sasa alielewa kila kitu kwa mlo mmoja tu kumpita. Akasimama, manyoya yamemsimama.

"Kumbe hivi ndivyo ulivyokuwa ukiwafanyia hawa?"

"Ndivyo, mfalme," alisema Mama Kanga. "Wewe umekosa chakula cha leo. Sisi tumekosa tangu mkuyu wa kwanza uanguke." Akanyanyua bawa, wote wakamwona yule kifaranga.

Hukumu haikuchelewa. Shoka lisisikike tena kwenye chemchemi. Maghala yafunguliwe, kila mmoja apate, na bila shaka mfalme alichagua wa kwanza. Fisi mwenyewe ahamie Bondeni, aimwagilie miche yote kwa mdomo wake mpaka iwe mikuyu, na maji yake ya kunywa ayapate baada ya wote wengine kumaliza. Vile vidari vya miezi yote iliyopita, na nani aliyevila, hakuna aliyethubutu kuulizia.

Kijito hakikurudi kwa kishindo. Mikuyu iliyosalia ilikuwa michache, na maji yaliyoshuka yalikuwa membamba kama uzi, lakini yalishuka kila siku. Asubuhi Fisi alionekana akienda na kurudi, mashavu yamejaa maji asiyoruhusiwa kuyameza, kiuno kimeinama kwa uchovu. Kisha alikwenda kusimama mwisho kabisa, nyuma ya vifaranga.

Na kanga anywavyo unajua. Hudokoa tone, huinua kichwa juu, hulisubiri lishuke kooni, hutazama huku na huku, ndipo arudie. Yule mdogo kuliko wote, ambaye sasa shingo yake ilikuwa imara, ndiye aliyekuwa mbele ya Fisi.

"Mwambie mtoto wako aharakishe, mama," Fisi aliomba, ulimi nje. "Nitakufa!"

Mama Kanga akakaa karibu na mwanawe, akamfuta vumbi mgongoni.

"Kunywa polepole, mwanangu," alisema. "Bwana Fisi atangoja."