Hatua Saba Zilizoliwa na Ukuta

Katika mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, palibaki nyumba moja ya Kiswahili iliyobanwa na maghorofa pande zote mbili, kama mzee mfupi aliyekaa katikati ya vijana warefu akakataa kusogea. Mlango wake wa mbele ulifunguka kwenye korido ndefu yenye vyumba vitatu huku na vitatu kule. Korido hiyo ilikuwa nyembamba kiasi kwamba watu wawili wakipishana na ndoo za maji, mmoja alilazimika kujibana ukutani. Hapo ndipo Kasmir, fundi wa cherehani aliyekwisha kutimiza miaka sabini na miwili, alipofundisha kung fu kwa miaka arobaini bila kibao mlangoni wala tangazo.

Mwanafunzi wake hodari kuliko wote alikuwa Sitara, mwanamke wa miaka thelathini na sita, mkazi wa Magomeni, muuza viatu vya mtumba katika soko la Mchikichini. Kwa miaka kumi na mmoja Sitara alipita kwa Kasmir kabla ya kwenda kwenye biashara yake, akafundishwa Fomu ya Korongo, iliyopewa jina la ndege huyo mwenye miguu mirefu. Fomu ni mpangilio wa hatua na mapigo ambao mwanafunzi huukariri kwa mwili, kama mwanafunzi wa madrasa anavyohifadhi sura za Kurani kwa ulimi. Sitara aliihifadhi hata angeweza kuifanya amefumba macho.

Sasa alikuwa na nia moja tu: kuwafundisha wanawake wenzake wa sokoni. Pale Mchikichini walikuwako wanaume waliojipenyeza kwenye msongamano wakiwapapasa wanawake, na wakiulizwa husema wamesukumwa. Wanawake ishirini walikuwa wamechoka kusikia neno hilo. Mkuu wa shule moja ya msingi ya Ilala alikubali kuwapa ukumbi wa shule jioni, lakini kwa sharti moja. Sitara alete cheti cha ualimu kutoka chama cha kung fu.

"Mimi sina tatizo na wewe, dada," alisema mkuu wa shule. "Lakini mkaguzi akija akaniuliza huyu anayerusha mateke humu ndani ni nani, nitamwonyesha nini? Viatu?"

Sitara akajiandikisha kwa mtihani. Chama kilimtumia video ya Fomu ya Korongo iliyo rasmi, akaitazama kwenye simu akiwa amekaa nyuma ya meza yake ya viatu. Aliitazama mara ya kwanza akitabasamu. Mara ya pili akaanza kuhesabu, na tabasamu likamtoka. Fomu rasmi ilikuwa na hatua arobaini na nane. Yeye alifundishwa arobaini na moja.

Kesho yake alifika kwa Kasmir uso umemkunjamana.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa."

"Leo sikuja kufanya mazoezi. Nimekuja kuuliza. Hatua saba umenificha kwa nini?"

Kasmir aliendelea kutia mafuta kwenye cherehani ya mteja, tone kwa tone, kana kwamba ameulizwa habari za hali ya hewa.

"Sikukuficha kitu. Ukuta ulizila."

"Mwalimu, mimi si mtoto."

"Na mimi sisemi maneno ya kitoto. Simama pale katikati ya korido. Nyoosha mikono yote miwili."

Sitara akanyoosha. Vidole vyake viligusa chokaa ya kuta zote mbili kabla viwiko havijanyooka.

Ndipo Kasmir alipomweleza jambo ambalo hakuwahi kulisema. Ujanani alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa reli, na fundi mmoja wa Kichina alimfundisha fomu hiyo porini, mahali palipokuwa wazi mpaka upeo wa macho. Alipohamia Kariakoo alitoka kazini giza limekwisha kuingia, na mahali pekee penye taa palikuwa koridoni. Usiku wa kwanza alipofika hatua ya kumi na tisa, ile ambayo korongo hufungua mbawa, alichubuka mikono yote miwili.

"Nikajiuliza, nibomoe nyumba ya watu au nimkunje korongo?" alisema. "Hatua saba nikaziondoa. Za kwenda pembeni nikazigeuza ziende mbele na nyuma. Mikono iliyotanuka nikaileta mbavuni, pigo likatoka kwenye kiwiko. Miaka miwili nilipima hatua moja moja. Huo si usahaulifu, Sitara. Hiyo ni kazi."

"Ungeniambia."

"Ungeuliza."

"Ningeulizaje nisichokijua?"

Kasmir aliweka chini kopo la mafuta. Alikuwa mtu mwenye kiburi, na kuomba radhi kwake kulikuwa kama kung'olewa jino. Alifuta mikono kwa kitambaa, akatazama chini, halafu akasema, "Kesho tukutane viwanja vya Mnazi Mmoja. Zote saba ninazo."

Kweli alikuwa nazo. Kwa wiki tatu, kila kulipopambazuka, mzee huyo alionekana kwenye nyasi akitanua mikono, magoti yakilia na pumzi zikimkatika, na Sitara akimfuata nyuma. Mwisho wa wiki ya tatu Sitara alikuwa na korongo wawili mwilini mwake: mmoja wa uwanjani na mmoja wa koridoni.

Mtihani ulifanyika Jumamosi asubuhi, katika ukumbi wa ghorofa moja jirani na Posta, wenye sakafu pana inayong'aa. Watahini walikuwa watatu. Kiongozi wao aliitwa Jovin, kijana mwenye kifua kilichonyooka na sauti ya kuamrisha, aliyesoma kung fu Uchina kwa miaka mitatu. Kando yake alikaa Klara, mama mtu mzima aliyesoma pia Uchina lakini katika mji mwingine. Wa tatu alikuwa mzee mkimya aliyeandika alama.

Sitara alipoitwa alifanya hatua zote arobaini na nane. Hakuharakisha wala hakutetereka. Alipofungua mbawa, watahiniwa wengine waliacha kunong'ona. Alipomaliza, walipiga makofi ingawa hawakuruhusiwa.

"Umefaulu," alisema Jovin, na kwa kweli alifurahi. "Bado saini moja tu."

Akamsogezea karatasi. Iliandikwa kwamba aliyetia saini anakiri kuwa fomu aliyojifunza awali ina makosa, na kwamba hataifundisha kwa mtu yeyote. Sitara aliisoma mara mbili.

"Makosa yapi?" aliuliza.

"Huo ni utaratibu, dada. Wote wanaotoka vikundi vya mitaani wanasaini."

"Utaratibu nauheshimu. Nimeuliza makosa."

Jovin akacheka kidogo. "Kwa Mzee Kasmir hatua ya kumi na tisa haimo, kila mtu anajua. Korongo asiyefungua mbawa si korongo. Ni kuku."

Watahiniwa wakaangua kicheko. Sitara alisubiri kiishe.

"Basi naomba unionyeshe hiyo ya kumi na tisa, Mwalimu, niielewe vizuri kabla sijaikana ya kwetu."

Jovin hakuwa mtu wa kukataa kuonyesha. Akasimama, akatanua mikono yake mirefu, viganja vikitazama sakafu. Alipendeza, hapana ubishi.

"Viganja juu, Jovin," alisema Klara kutoka kitini.

"Chini."

"Sisi tulifundishwa juu. Chini ni huko ulikosoma wewe."

"Huko nilikosoma mimi ndiko fomu ilikoanzia, mama."

"Mwalimu wangu naye alisema hivyo hivyo kuhusu kwao. Tena alikuwa na miaka themanini."

Mtahini wa tatu akainamia karatasi zake kama mtu aliyedondosha kitu. Ilionekana wazi kuwa ubishi huo haukuanza siku hiyo.

Sitara akaweka kalamu juu ya meza. Sauti yake ilikuwa tulivu, lakini kila mtu ukumbini aliisikia.

"Walimu wangu, nyinyi hamjapatana kuhusu viganja, na bado kila mmoja ana cheti chake. Sijaona karatasi ya mama Klara kukiri kuwa alifundishwa makosa. Nyinyi mmetofautiana kwa sababu ya miji. Sisi tumetofautiana kwa sababu ya ukuta. Huo ukuta wa Kariakoo una dhambi gani?"

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Klara alimtazama Jovin, akangoja. Jovin uso ulimwiva.

"Saini, au cheti hakipo," alisema.

Sitara aliufikiria ukumbi wa shule. Aliwafikiria wanawake ishirini waliokuwa wakingoja simu yake sokoni. Mtu asidhani kwamba haikumuuma. Ilimuuma kama mwiba chini ya ukucha. Lakini aliifikiria pia ile miaka miwili ya kupima hatua moja moja chini ya taa moja.

"Hatua zenu nitazifundisha, maana ni nzuri," alisema. "Za mwalimu wangu nitazifundisha pia. Kuzikana siwezi. Asanteni kwa muda wenu."

Akachukua mkoba wake akatoka, na cheti kikabaki mezani.

Mkuu wa shule alisikitika, lakini msimamo wake haukubadilika: bila cheti, hakuna ukumbi. Sitara alirudi Mchikichini na habari hizo, na aliyekuwa wa kwanza kumjia juu ni Chiku, muuza sidiria za mtumba, jirani yake wa meza.

"Yaani tumekosa ukumbi kwa saini moja? Dada Sitara, ungeandika hata jina la paka wako tukaendelea na maisha."

"Na ningewafundisha nini, Chiku? Hiyo waliyoniruhusu?"

"Hiyo hiyo. Si ndiyo ya Wachina?"

"Njoo basi nikufundishe hatua moja. Simama hapo njiani, utanue mikono yote."

Chiku alisimama kati ya meza yake na ya Sitara, akatanua. Mkono mmoja ulizama kwenye lundo la suruali za jinzi, wa pili ukakutana na nguzo ya banda. Alijitazama, akatazama urefu wa kinjia kile, huku lundo na kule lundo, mpaka mwisho wa safu.

"Mh," alisema. "Na yule shetani wa jana alinishika hapa hapa." Akashusha mikono. "Ile ya ukutani inaanzaje?"

Wakaanza siku iliyofuata, saa kumi na mbili asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Walisimama mmoja nyuma ya mwenzake ndani ya kinjia, wanawake ishirini, khanga viunoni na viwiko mbavuni, Sitara akihesabu kwa sauti. Wapagazi walipokatiza mbele yao na mizigo, mstari ulipiga hatua moja nyuma bila kuharibu fomu, kwa sababu hatua hiyo ilikuwemo. Mwezi wa pili wa mazoezi, mwanamume mmoja aliyejifanya amesukumwa alimgusa Brightness, muuza mapazia. Brightness hakupiga kelele. Aligeuka nusu, kiwiko kikatoka mbavuni, na yule bwana akajikuta amekaa juu ya lundo la mashuka akitafuta pumzi. "Pole, nimesukumwa," Brightness alimwambia, akaendelea kukunja mapazia yake.

Habari za Mchikichini husafiri haraka kuliko moshi. Zilifika mpaka chamani, na asubuhi moja Jovin akatokea mwenyewe, amevaa sare nyeusi ya hariri, akasimama mwanzo wa kinjia.

"Dada Sitara, nimekuja kukueleza kwa heshima. Kikundi hiki chama hakikitambui."

"Karibu, Mwalimu. Sisi tunakutambua." Sitara hakuacha kuhesabu mpaka hatua ikaisha. "Wanafunzi, huyu ni Mwalimu Jovin. Hatua zile saba anazifanya vizuri kuliko mimi. Mwalimu, waonyeshe ya kumi na tisa, na wao waione."

Jovin alisita, lakini wanawake ishirini walimtazama kwa hamu, na fundi akiombwa kazi yake hawezi kujizuia. Akashuka kwenye mkao, akavuta pumzi, akafungua mbawa.

Mkono wa kulia uling'oa kamba nzima ya sidiria za Chiku. Mkono wa kushoto uligonga nguzo ya banda kwa kishindo kilichowafanya wauzaji wa safu ya pili wainuke. Sidiria moja ya zambarau ikatua begani kwake, nyingine ikamning'inia sikioni.

"Mwalimu," alisema Chiku taratibu, "hiyo saizi si yako."

Soko zima lilicheka. Sitara peke yake hakucheka. Alizikusanya sidiria akamrudishia Chiku, akamtazama Jovin aliyekuwa akisugua vidole vyake vilivyochubuka.

"Fomu yako haina kosa," alimwambia. "Mimi mwenyewe naifanya Jumapili uwanjani, na naipenda. Lakini hawa hawashikwi uwanjani. Wanashikwa hapa."

 Jovin aliupima upana wa kinjia kwa macho, kisha kwa mikono, viwiko vikigoma kukunjika kwa sababu miaka yote vilifundishwa kunyooka. Alijaribu hatua ya kwanza ya koridoni, akajikwaa. Akaijaribu tena.

"Cheti bado siwezi kukupa," alisema bila kuinua uso.

"Sijakuomba, Mwalimu. Leta kiwiko mbavuni. Zaidi. Hapo hapo."

Akasogea nyuma ya Brightness, mwisho wa mstari, na Sitara akaanza kuhesabu upya kutoka moja. Mwenye uwanja akatanue, na mwenye kichochoro akakunje, wala mmoja asimwite mwenzake kuku. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.