Pimbi Walipouliza Kama Wametoka

Hadithi, hadithi!

— Njoo, tumesogeleana.

Nije na nini?

— Njoo na mdomo, masikio tunayo.

Zamani, zamani sana, pimbi wa Jabali Jekundu walikuwa katika Umoja wa Mlio. Kanga waliangalia angani. Wakimwona tai, wanalia. Nyani waliangalia mitini. Wakimwona nyoka, wanalia. Pimbi waliangalia nyasi. Wakimwona chui, wanalia. Akilia mmoja, wote wanakimbia.

Lakini zamu ya pimbi ilikuwa ya mchana, jiwe likiwaka moto. Wakachoka. Wakamwita mjumbe wao, Shembilu, wakampa neno moja tu: "Tutoe!"

Shembilu akaenda Baraza la Mbuga, akakaa siku tatu. Aliporudi, pimbi wote walikuwa juu ya jabali wakimsubiri. Walikuwa sitini na mmoja, na watoto nimewahesabu.

"Mheshimiwa, tumetoka?" akauliza Bi Somoe, mama wa watoto watatu. Baba yao alichukuliwa na tai, Umoja ukiwa bado haujaanzishwa.

"Nitaeleza," akasema Shembilu. "Barazani anayekubali huketi, anayekataa husimama, na akisimama hata mmoja, hoja huanguka. Siku ya kwanza wakauliza: pimbi watoke leo hii, na kanga wasiwalilie tena? Nikasimama."

"Ukasimama!" akafoka Ngebe, pimbi mwenye sauti kuliko wote. "Tumekutuma ututoe, wewe unakataa?"

"Tai angeangaliwa na nani, ndugu yangu? Siku ya pili wakauliza: pimbi watoke, lakini kanga waendelee kuwalilia? Nikaketi."

"Hapo sawa!"

"Kanga wote wakasimama. Nyani wote wakasimama. Hoja ikaanguka. Siku ya tatu wakauliza: basi pimbi wabaki kama zamani? Nikasimama."

"Umesimama, umeketi, umesimama," akasema Ngebe. "Tulikutuma kazi au mazoezi ya viungo?"

Pimbi wakacheka. Bi Somoe hakucheka.

"Mheshimiwa, mimi sijasoma. Kesho asubuhi nawatoa wanangu kuota jua. Kanga wakilia, wanatulilia sisi au hawatulilii?"

Shembilu akahesabu kwa vidole.

"Kutoka, hatujatoka. Kubaki, tumekataa kubaki."

"Kwa hiyo tuko wapi?"

"Tuko katikati."

"Katikati ya nini?"

Kabla hajajibu, kanga wakalia: Ke-ke-ke! Ke-ke-ke! Ke-ke-ke!

"Msikimbie!" akapiga kelele Ngebe. "Mlio huo si wetu, sisi tumetoka!"

"Hatujatoka!"

"Tumetoka!"

Wengine wakakimbia, wakarudi, wakakimbia tena. Kivuli kikapita juu ya jabali. Bi Somoe akamsukuma pangoni mtoto wa kwanza, akamsukuma wa pili. Wa tatu alikuwa amesimama mlangoni, kichwa ndani, makalio nje, akisubiri wakubwa wakubaliane.

"Tumetoka!" Ngebe aliendelea kupaza sauti. Lakini sauti yake ilikuwa inatokea ndani, pango la mwisho kabisa.

"Ingieni!" akalia Shembilu. "Ingieni, tutabishana humo humo!" Akajirusha, akamsukuma mtoto kwa kichwa. Makucha yakamkwaruza mgongoni. Tai akaondoka na manyoya tu.

Gizani Bi Somoe akawapapasa wanawe. Mmoja. Wawili. Watatu.

"Ahsante, Mheshimiwa. Leo umesema neno nimelielewa."

Shembilu akalamba mgongo wake.

"Na kesho?" akauliza Bi Somoe.

"Kesho kuna swali la nne."

Swali la nne likaulizwa, na la tano, na la sita, na hakuna lililopita. Ndiyo maana hadi leo ukipita penye majabali utamkuta pimbi mlangoni mwa pango, nusu nje, nusu ndani. Kanga akilia, anatazama juu kwanza, anatazama wenzake, ndipo anaingia.

Hadithi yangu imeingia pangoni, mkia wake msiutafute. Funzo lake ni hili: mkimtuma mtu akawasemee, msimpe neno moja kwa maswali matatu, naye mjumbe, aulize njia nzima kabla hajaondoka. Na kama hamjaelewa, msinitazame mimi. Nami nimekaa hapa mlangoni, mguu mmoja nje, nasubiri mwenye nyumba aseme kama nimekaribishwa kulala.