Uso wa Kwanza Atakaouona Nakiete

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana magari ya otomatiki yalikwisha kufika hata milima ya Upare, palikuwa na mjane aitwaye Nakiete. Miaka miwili alikuwa haoni kitu, macho yote mawili yamezibwa na mtoto wa jicho. Mwanawe Elisifa akaja na gari kutoka mjini, akampeleka hospitali, akapasuliwa. Daktari akamfunga kitambaa, akasema, "Mkifika nyumbani, mfungueni kivulini. Ataona."

Basi wakarudi. Elisifa kwenye usukani, Nakiete nyuma, na pembeni yake binti yake Namkunda, aliyemtunza miaka yote miwili. Wakapanda, wakapanda. Kila kona Nakiete akauliza, "Jiwe tunalo?" Maana huko milimani gari halipandi bila jiwe la kuzuia tairi.

Elisifa akacheka. "Mama, hili ni otomatiki. Linajishika lenyewe."

Mtoto wa watu! Gari gani linajishika lenyewe?

Karibu na nyumbani, penye mwinuko mkali kuliko yote, ng'ombe wakaziba njia. Elisifa akasimama. Walipopita, akaachia breki ili akanyage mafuta, na gari likaanza kurudi nyuma. Akakanyaga breki tena. Tairi zikateleza kwenye kokoto. Nakiete hakuona, ila alisikia kokoto zikilia, na alijua kushoto kuna korongo. Aliogopa, jamani, aliogopa sana: afe leo, kabla hajamwona hata mmoja wao?

Elisifa akakata usukani kuelekea upande wa mlima. Namkunda alikwisha kufungua mlango, angeweza kuruka. Hakuruka, akamkumbatia mama yake na kumfunika kichwa. Na jirani yao, Baba Nasero, alikuwa akiteremka na mzinga mpya wa nyuki begani, kazi ya mwezi mzima. Akalikimbilia gari mpaka akalipita, akautupa nyuma ya tairi. Mzinga ukapasuka, lakini ukashikilia. Gari likasimama.

Wakamtoa Nakiete, wakamkalisha kivulini kwenye migomba. Wote walilia, hata Baba Nasero, ingawa alisingizia vumbi.

"Nifungueni," akasema Nakiete. "Lakini uso wa kwanza nitakaouona, nataka uwe wa aliyenirudisha."

Elisifa akapiga magoti. "Ni mimi, mama. Mimi nilikupeleka ukapate macho, mimi nilikata usukani. Na kwa kuwa kosa pia ni langu, nione kwanza unisamehe."

"Kaka, wewe mama unamwona likizo kwa likizo," akasema Namkunda. "Mimi nimemlisha, nimemwogesha. Na leo nilikubali kufa naye."

Baba Nasero naye alipoulizwa, akasema, "Mama Elisifa, kila asubuhi nilisimama uani kwako nikakueleza mlima umeamkaje. Wewe si mama yangu, wala si dada yangu. Leo niliona gari linarudi, nikatoa nilichokuwa nacho."

Nakiete akawapapasa nyuso mmoja mmoja. Zote zilikuwa zimelowa, na zote alizipenda.

"Wawili geukeni," akasema. "Mmoja abaki mbele yangu."

Hakugeuka mtu. Naye akapeleka mikono kisogoni, akaanza kulegeza fundo mwenyewe.

Nanyi mnaosikiliza, semeni upesi, maana kitambaa kinaanguka: je, nani alistahili kuonwa kwanza?